Mji wa Reli Zilizolala

Mimi si mtu wa ndoto. Wanaonijua katika mji wetu huu wa reli wanajua kwamba nikilala nalala kama gogo, na nikiamka naamka na hoja. Shule niliiachia darasa la nne, sheria za kazi nikajisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, na tangu hapo hakuna meneja, katibu wala mwenyekiti aliyenidanganya mara mbili. Nakumbuka. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo baada ya kustaafu: kukumbuka nani alisema nini, nani alisimama wapi, nani alikaa kitako wenzake walipokuwa wakipigwa virungu. Kwa hiyo hiki ninachowaandikia msikichukulie kama porojo za mzee aliyeshiba akasinzia kibarazani. Nililala sijala, nimekasirika, na nilipoamka nilikuwa na aibu ambayo hata sasa, kalamu ikiwa mkononi, inanichoma masikio.

Sisi wazee wa reli tuna makumbusho yetu. Msifikirie jumba lenye nguzo. Ni chumba kimoja, stoo ya zamani ya mafuta ya taa nyuma ya karakana, na mgeni hawezi kukifikia mpaka aulize kwa muuza mishikaki. Ndani mna kengele ya stesheni, koleo la makaa, saa ya ukutani iliyokwisha kufa, kofia za wenzetu waliotangulia, na bango la mgomo mkubwa nililoliandika mimi kwa mkono wangu. Tuna utaratibu mmoja ambao sidhani makumbusho makubwa yanao: hakuna kitu kinachopanda rafuni mpaka waasisi wote tuliobaki hai tukiwekee mkono. Kinawekwa mezani, tunapita mmoja mmoja, kila mtu anakigusa. Mkono mmoja ukikosekana, kitu kinarudi kilikotoka. Utaratibu huo niliupendekeza mimi, na nilijivunia kwamba hapa kwetu hakuna wengi wa kumzidi mtu mmoja nguvu.

Siku hiyo Tausi Ngelela alileta taa ya mkono ya marehemu baba yake. Baba yake ni Hamisi Ngelela, dereva wa treni, tuliyemzika masika haya. Yaani walimzika wao, mimi sikwenda. Siku ya mgomo, baada ya kukubaliana wote kwamba hakuna gurudumu litakalozunguka, Ngelela alipanda kwenye injini akaitoa treni mbele ya macho yetu. Wenye mioyo ya kusitasita walipoiona inaondoka, wakaanza kurudi kazini mmoja mmoja, na jioni mgomo ukawa umekwisha. Sisi viongozi tulifukuzwa. Sasa taa yake iko mezani, imesuguliwa, kioo chake chekundu hakina hata ufa. Mzee Lusangija, mwenyekiti wetu, akaigusa. Wengine wakaigusa. Zamu ikanifikia, nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

Nilizungumza kwa muda mrefu. Nikawakumbusha asubuhi ile, nikawatajia waliofukuzwa, nikawauliza kama wanataka wajukuu zetu waingie humu wakute taa ya msaliti inalingana na bango la waliosalitiwa. Wazee wenzangu wakaangalia sakafu. Tausi hakulia. Alinisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee Ndalahwa, sikuja kukuomba umsamehe. Naomba umweke."

Nikamjibu mbele ya wote, "Hapa ni makumbusho, mama, si jaa."

Akaifunga taa ndani ya kanga, akaaga kila mzee kwa jina, na mimi akaniaga pia, akaondoka. Lusangija akasema tufunge mlango. Kwa kawaida nikishahutubia huwa sitoki peke yangu, kuna wawili watatu hunifuata kwenye kahawa ili tuirudie hotuba kipande kwa kipande. Siku hiyo kila mtu alikuwa na shughuli nyumbani kwake.

Habari zilishamfikia mke wangu Nyamizi kabla yangu. Aliniwekea ugali na mlenda, akakaa kando akichambua mchele, akaniuliza kama nimeshinda. Nikasema nimeshinda. "Basi kula ushindi wako," akasema, "unapoa." Tonge la kwanza halikushuka. Nikavuta mkeka, nikaegemea ukuta wa kibaraza jua likiwa bado linaonekana juu ya paa la karakana, nikafumba macho ili nipange maneno ya kumjibu mke wangu. Sikuyapanga. Usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa.

Nikajiona nimesimama katika mji nisioujua, ingawa kila kitu ndani yake nilikifahamu. Mitaa yake yote ilikuwa reli; kila kichochoro kilikuwa na vyuma vyake viwili vimelala sambamba, nyumba zimejengwa kwa mataruma, zile mbao zinazobeba reli, milango ni milango ya mabehewa, na mahali ambapo miji mingine ina misikiti na makanisa palikuwa na minara ya maji ya injini. Lakini hakuna kilichotembea. Majani yalikuwa yameota katikati ya reli, mbuzi wamelala juu yake bila wasiwasi, na treni zimesimama kila mtaa, injini zikitoa mvuke mwembamba mwembamba kama watu wanaopumua usingizini. Palikuwa na ukimya ule wa stesheni baada ya treni kuondoka, ila hapa hakuna treni iliyoondoka.

Aliyenipokea alikuwa Hasira. Sikuhitaji kutambulishwa kwake, tumekuwa pamoja tangu ujana wangu. Ni mtu mfupi mwenye shingo nene, amevaa ovaroli lisilokauka jasho, na hata akikusalimu ni kana kwamba anakuita kutoka ng'ambo ya mto. Alinikumbatia, akanigusa kifuani, akasema nishani yangu inang'aa. Nikainama kidogo kutazama, nikaona ni kweli: shingoni nilikuwa nimevaa pete kubwa ya chuma, chini yake kibao cha shaba. Sikuuliza nilipewa na nani. Nishani mtu haulizi.

Hasira akanipitisha kwanza mbele ya jumba la Majivuno, ambalo ndilo makumbusho makubwa ya usafiri ya mji ule, lenye ngazi za marumaru na behewa la daraja la kwanza lililopandishwa juu ya jukwaa kama mfalme. Majivuno mwenyewe alisimama mlangoni na glavu nyeupe, akitueleza kwamba humo ndani kuna viti ambavyo magavana walikalia na mikasi yote iliyokata utepe. Tukamcheka. Nikamwuliza majina ya waliolaza mataruma yako wapi, akasema jumba halina nafasi. Hasira akapiga mluzi kwa furaha, na mimi nikatoka pale kifua mbele, nikisema kwamba historia ya kweli haikai katika majumba kama yale, inakaa katika vyumba vidogo vya uchochoroni ambavyo watalii hawavijui. Sikujua kwamba nilikuwa najitabiria.

Tuliingia kichochoro cha kwanza, tukafika kwenye makumbusho ya Subira. Kilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi tu, yale mabenchi ya mbao ya kusubiria treni, yamelika kwa makalio ya watu mpaka yamekuwa na mabonde. Subira, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alikaa mlangoni akimenya karanga. Juu ya mabenchi kulikuwa na watu na mizigo yao, kuku ndani ya tenga, mtoto amelala juu ya gunia la viazi, wamechongwa vizuri mno hata nikasema huyu fundi alijua kazi. Ndipo mmoja wao akapepesa macho. Akaniuliza kama nina habari yoyote ya treni. Nikaruka nyuma, Subira akacheka kidogo, akanieleza kwamba hawa si vinyago bali ni abiria, wamekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba wageni wameanza kuwalipia kiingilio.

Mnajua mimi ni mtu gani. Nilipanda juu ya benchi nikawahutubia. Nikawaambia kwamba treni haziendi kwa sababu wakubwa hawataki ziende, kwamba mtu anayesubiri bila kuuliza anajifunga kamba mwenyewe, kwamba wakati umefika. Hasira alikuwa akinitilia kila neno mdomoni. Wakapiga makofi ya adabu. Yule aliyeniuliza habari za treni akasema hotuba ni nzuri, akarudi kutazama mlango. Subira akanipa karanga kiganjani, macho yake yakatua kwenye ile pete shingoni mwangu, yakakaa pale. "Wasemaji wazuri hupita hapa sana, baba," akasema. "Hawa hawakosi hotuba." Nikadhani ananisifu.

Kichochoro cha pili kilikuwa cha Shukrani. Huyu ni mzee mwembamba ambaye shingo yake haikunji vizuri, kwa kuwa alikuwa hamali, na makumbusho yake ni ya mahamali wa stesheni. Hakuna injini wala kengele. Kuna kata za kichwani tu, zile za majani na za vitambaa vilivyosokotwa, zimetundikwa ukuta mzima, na chini ya kila moja kumeandikwa ilichobeba. Kitanda cha bibi harusi. Cherehani ya mjane. Mtoto mgonjwa mpaka hospitali, bila malipo. Majina ya wabebaji hayakuwapo, kwa kuwa, alisema Shukrani, abiria hawakuyauliza. Nikamwambia hilo ndilo tatizo la nchi hii, na nilikuwa nataka kuendelea, lakini akanigusa mkono.

"Na wewe," akaniuliza, "nani alikubeba?"

Nikacheka, nikasema mimi nimetembea kwa miguu yangu. Akanisubiri. Ndipo nikaona kitu cha ajabu: mimi, ambaye nakumbuka rangi ya tai ya meneja aliyesoma barua za kutufukuza, nilikuwa nikimtafuta kichwani mwanamke aliyetuletea unga wa mtama katika miezi ile ya njaa baada ya mgomo, akiuacha mlangoni kwetu bila kubisha, nisipate jina lake. Kanga yake niliikumbuka. Jina sikuwahi kuliuliza. Hasira akanivuta mkono, akasema tumechelewa, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba anavuta kwa nguvu.

Makumbusho ya tatu sikuhitaji kuyatafuta, kwani miguu yangu iliijua njia. Kinyongo alinifungulia kabla sijabisha. Ni mtu nadhifu, nywele zimechanwa, ana harufu ya ile dawa ya kusugulia shaba, na aliniinamia kama mtu anayempokea mwenye nyumba. Chumba chake kilikuwa kisafi kuliko vyote nilivyoviona. Sakafu inang'aa, hakuna utando wa buibui, na katikati, juu ya meza yenye kitambaa, imewekwa picha moja tu ndani ya fremu: Ngelela yuko juu ya injini asubuhi ya mgomo. Kinyongo akanieleza kwa fahari kwamba picha hii husuguliwa kila siku, haijawahi kuachwa hata Idi. Nikamwuliza wageni wanaokuja ni wangapi. Akasema ni mmoja, lakini mwaminifu sana, na akanitazama kwa upendo.

Nikaisogelea picha. Injini ilikuwapo, moshi ulikuwapo, mkono umeshika wenzo wa injini. Lakini uso haukuwapo. Palipokuwa na uso palikuwa peupe, pamelika kwa kusuguliwa, kama sura ya sarafu ya zamani. Nikamgeukia Kinyongo nimuulize ni nani aliyeiharibu, na hapo nikamwona mwanamke amesimama pembeni ya mlango, na nikatambua kwamba alikuwa pale tangu nilipoingia. Alivaa sare ya gadi wa treni, bendera ya kijani na ya nyekundu amezikunja kwapani, na macho yake hayakunikwepa wala hayakunikazia.

"Mimi ni Haya," akasema. "Hatujawahi kuonana. Dada yangu Fedheha unamjua vizuri, umempa kazi miaka yote. Yeye humvua mtu nguo sokoni watu wakitazama. Mimi humpa mtu kioo, nikafunga mlango, nikamwacha peke yake."

Hasira akaanza kufoka kwamba huyu ametumwa na wakubwa. Haya alifungua mlango wa nyuma ambao sikuwa nimeuona, akasema kuna makumbusho mengine, madogo kuliko yote, nami nikiwa tayari nitangulie. Nikamwambia Hasira twende. Akasimama kizingitini, akajikuna shingo, akasema ana kazi nje. Katika maisha yetu yote hajawahi kuniacha niingie mahali peke yangu. Nilimwona anavyotazama ule mlango, nikajua kwamba anaufahamu, na kwamba ndani yake ndimo alimozaliwa.

Ilibidi nitambae. Chumba kilikuwa kama nafasi iliyo chini ya kiti cha behewa, kina joto, kina giza la kahawia. Mwenyewe, Woga, alikuwa mtu mdogo aliyeona haya kupata mgeni. Alinipisha kigoda chake cha pekee, akaomba radhi kwamba hakuna chai. Nikazoea giza, nikaona kofia. Kofia za reli zimetundikwa kwenye misumari pande zote, na mishipi yake ya ndani bado ina unyevu, kana kwamba vichwa vimetoka sasa hivi. Nilizitambua. Ile yenye kishikizo kilicholegea ni ya Lusangija. Ile iliyopasuka ni ya marehemu pacha wake. Na karibu kabisa na mlango ilikuwapo ya kwangu, yenye doa la grisi juu ya ukingo, ambalo Nyamizi hakuweza kulitoa.

"Mlikuja wote asubuhi ile," Woga akasema, akiongea kama mtu anayekumbuka harusi. "Wewe ulikuja mapema kuliko wenzako. Ulitapika pale pembeni, nikakushikia kichwa. Kisha ukafuta mdomo ukaenda kuhutubia. Ulihutubia vizuri, tuliisikia mpaka huku."

Kila mtu aliyewahi kugoma anajua kuhusu tumbo lile la asubuhi, hatulizungumzi tu. Nikamwuliza, ili niseme jambo, mbona makumbusho yake hayana wageni. Akasema kila anayejenga makumbusho ya ushujaa humhamishia nyuma kidogo, na sasa amehamishwa mpaka hapa. Akanionyesha msumari mmoja uliokuwa na taa badala ya kofia, taa ya mkono yenye kioo chekundu. "Ninyi mlikaa kidogo mkatoka," akasema. "Yeye peke yake hakuuona mlango. Alipotoka, alitokea upande wa injini."

Haya alifungua dirisha dogo, na nje yake ilisimama treni. Mabehewa yake yalikuwa yamejaa wale abiria wa Subira, wametoa vichwa madirishani, kuku wao na magunia yao, na kati yao nikamwona Tausi amepakata kanga iliyofungwa. Katika chumba cha dereva alikaa Hamisi Ngelela, anafuta mikono kwa matambara, na uso wake ulikuwapo wote, kovu la nyusi na jino lililopishana, uso ambao nilikuwa nimeusugua mpaka ukaniishia. Nikatoka kwa dirisha. Tukatazamana, mimi chini, yeye juu.

Akasema nimezeeka. Nikamwambia aombe radhi kwanza, ndipo tuongee kuhusu uzee.

"Niliiendesha," akasema Ngelela. "Hakuna aliyenishikia bunduki. Binti yangu amenitafutia sababu nyingi, mara mtoto alikuwa mgonjwa, mara nilitishiwa. Sina sababu. Niliogopa, basi. Miaka yote baada ya pale ninyi mlinitukana na wengine walininyamazia, lakini hakuna aliyekuja akakaa akaniuliza ilikuwaje. Ningekuambia hivi hivi. Nilitaka iandikwe mahali, Ndalahwa, hata kama ni kwa jina baya. Ukiniondoa, nitaonekana kama sikuwapo, na ninyi mtaonekana kama hamkutetemeka."

Lililonijia mdomoni lilikuwa swali la kijinga: kwa nini basi amekaa hapo, kwa nini treni haiendi. Akaonyesha shingo yangu kwa kidole chenye masizi. "Njia unayo wewe," akasema.

Niwaeleze ninyi ambao hamkufanya kazi ya reli. Kwetu njia ni moja, ya kwenda ndiyo ya kurudi, na treni mbili zikikutana ni msiba. Kwa hiyo dereva haingii kwenye kipande cha njia mpaka stesheni masta amkabidhi kibao cha shaba kilichofungwa kwenye pete kubwa ya chuma, nacho kiko kimoja tu. Mwenye kibao ndiye mwenye njia. Akifika mwisho wa kipande anakirudisha, mwingine anakichukua, anapita. Sisi tulikiita tokeni. Dereva akikisahau begani akaenda nacho nyumbani, kipande kizima kimefungwa, hata akiwa amelala kitandani kwake treni zitasimama pande zote mbili na watu watalala juu ya magunia yao. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kuwasha moto. Na mimi, mfanyakazi wa reli, nilikuwa nimevaa tokeni shingoni nikaiita nishani. Kipande kile nilishakipita zamani. Nilifukuzwa, nikalia, nikapata kazi nyingine, nikalea watoto, nikazeeka. Kibao sikukirudisha.

Kumbe Subira alikuwa amekitazama akanyamaza. Kumbe wale abiria waliniona nikiwahutubia juu ya benchi kuhusu wakubwa wanaozuia treni, na kile kitu kinaning'inia kifuani kwangu, wakanipigia makofi kwa adabu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaishika ile pete kwa mikono miwili nikaivuta, haikutoka. Ilikuwa imenibana chini ya taya. Nikavuta tena mpaka masikio yakauma. Hasira alikuja mbio kutoka alikojificha, akaanza kuisukuma irudi chini, akinililia kwamba nikiitoa nitabaki na nini, atabaki na nani.

"Haitoki kwa kuvutwa," Haya akasema. "Inama."

Nikamwambia sijawahi kuinama mbele ya meneja yeyote.

"Hapa hakuna meneja," akasema.

Nikatazama. Ni kweli, hakuwapo. Alikuwapo Ngelela, na Tausi, na watu wenye kuku. Nikainama. Uso ulinichemka kama niliyefunuliwa chungu cha maji ya moto, nikaona viatu vyangu, nikaona mbuzi wakiinuka kutoka kwenye reli wakijongea pembeni, na nikasikia chuma baridi kinateleza juu ya masikio.

Nikaamka kidevu kimenigusa kifua. Adhana ya magharibi ilikuwa inaita na Nyamizi alikuwa ananitikisa bega, ananigombeza kwamba mtu mzima gani analala saa hizi za kuingia giza. Nilikuwa nimejishika shingo kwa mikono miwili. Akaniuliza kama ni mbu. Nikasema ndiyo.

Nilikaa pale mkekani, na maana ikanifikia taratibu, jinsi joto linavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi, kwa maumivu. Sikuwa nimekosea kuhusu Ngelela. Aliendesha, nami nilisema aliendesha, na mtu asinitake niseme vinginevyo. Aibu yangu haikuwa hapo. Ilikuwa kwamba nilichukua ukweli mmoja nikaufanya kufuli, nikakaa na ufunguo, na utaratibu wetu ule wa mikono, nilioutunga ili mnyonge asizidiwe, nikautumia kumtoa binti wa watu mlangoni na kanga yake kifuani. Na nilitaka chumba kile kibaki na bango langu bila taa ile kwa sababu moja ambayo sikuwahi kumwambia mtu: bila taa ile, hakuna mgeni atakayewahi kuuliza sisi wengine matumbo yetu yalikuwaje.

Nikavaa viatu. Nyamizi akaniuliza naenda kumhutubia nani tena. Nikamwambia sijui kama nitasema chochote. Akanipa koti.

Tausi anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, anashona nguo za watu. Alikuwa bado kwenye cherehani yake kibarazani, anamalizia mshono kabla mwanga haujaisha. Alinipa shikamoo, maana amelelewa, lakini hakunikaribisha kiti na hakusimamisha mguu wake. Nikaitikia. Nikasimama kwenye mchanga wa uwanja wake kama mdaiwa. Nikamwambia kwamba nimekuja kwa ajili ya taa, kwamba nataka kuiwekea mkono, na kwamba nitawaita wazee kesho waone nikifanya hivyo.

Cherehani ikanyamaza.

"Na kwenye kibao chake mtaandika nini?" akauliza.

Maneno mazito yalinijia, yale ya majukwaani, yenye haki na historia ndani yake. Niliyaacha yapite.

"Hamisi Ngelela, dereva," nikasema. "Siku ya mgomo aliogopa, akaendesha treni."

Aliyapokea hayo bila kupepesa. Nilidhani atakasirika, lakini alikuwa anangoja, kama anavyongoja mtu anayejua kwamba kitambaa hakijaisha. Ndani ya nyumba mtu aliwasha jiko, nikasikia harufu ya mkaa.

"Wenzake nao waliogopa," nikasema.

"Wenzake kina nani, Mzee Ndalahwa?"

Nikamtajia, nikaanza na jina langu.